Mtoto Aliyesifiwa Unene

Jumapili ile, nje ya kanisa, wanawake watatu walimsimamisha Gaudiose ili wamsifie mtoto wake. Wa kwanza alimfinya Ihirwe shavu. Wa pili alisema, "Yoo, huyu anakula kweli!" Wa tatu, ambaye mwaka uliopita alikuwa amemuuliza Gaudiose mbele za watu kama mtoto ana minyoo, alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Sasa umekuwa mama." Gaudiose alicheka, akamkaza mtoto mgongoni, akashika njia ya kurudi Gitega, mtaani kwao hapo Kigali, akiwa amenyooka kuliko siku nyingine zote.

Ihirwe alikuwa na miezi ishirini na miwili. Mashavu yalikuwa yamejaa, mikono imejaa, na viatu alivyonunuliwa Krismasi havikumwingia tena. Njiani hakulia. Siku hizi hakuwa analia kabisa. Ukimweka kwenye mkeka alikaa pale ulipomweka, na ukirudi baada ya saa moja ulimkuta palepale, akitazama mlango. Watu waliita huo upole.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Gaudiose alikuwa tayari Remera, jikoni kwa Madamu Trinah, anachambua dodo, mchicha wa Kigali. Trinah alikulia Uganda, alikuwa na ofisi na gari, na Kiswahili chake alikiokota Kampala, akawa anakizungumza mbio bila kujali vipande vilivyoanguka njiani. Alikuwa mtu wa kanuni. Katika nyumba yake hakukuwa na sukari, hakukuwa na kibonge cha supu, hakukuwa na kitu kilichotoka kwenye pakiti. "Tunakula kitu shamba inatoa mwezi huu," alisema siku ya kwanza alipomwajiri Gaudiose, na alimaanisha. Sasa ulikuwa mwezi wa Juni. Shamba lilikuwa linatoa maharage mabichi ya kumenya, maboga, na maparachichi makubwa ambayo Gaudiose aliyachagua mwenyewe sokoni kwa kuyatikisa sikioni.

"Gaudiose, hii dodo iko na mchanga?"

"Nimeiosha maji matatu, madamu."

"Osha ya nne. Na boga usitoe ganda, ganda ndiyo iko na vitamini."

Saa saba mchana Norman, mtoto wa Trinah, mwenye miaka sita, alirudi kutoka shuleni, akaitazama sahani, akaisukuma.

"Sitaki majani. Mimi si mbuzi."

"Mbuzi gani anakula na kijiko?" Gaudiose alisema, akakaa karibu yake. "Niambie. Umewahi kumwona? Fungua mdomo, mbuzi mwenye soksi."

Norman alicheka, na alipocheka kijiko kiliingia. Vijiko sita vilipita kwa njia hiyo. Kilichobaki kwenye sahani, dodo na maharage na nusu ya parachichi, Gaudiose alikipeleka nyuma ya nyumba, akakimwaga kwenye shimo la mbolea. Hiyo nayo ilikuwa kanuni. Mpishi aliyemtangulia alikuwa akitoka na nyama ndani ya kitenge, na tangu hapo chakula cha nyumba hii kililiwa katika nyumba hii. Trinah hakuwa mchoyo. Gaudiose aliruhusiwa kula mpaka ashibe, na alishiba kila siku. Ni kutoka na chakula tu ndiko kulikokatazwa, na mlinzi wa getini alifungua mfuko wake kila jioni akiangalia pembeni kwa aibu.

Siku hiyo Trinah aliona picha ya Ihirwe kwenye simu ya Gaudiose, ile iliyopigwa kanisani.

"Ayii! Ndiyo huyu? Mbona ameshiba hivi? Na Norman wangu mbavu zake unaweza hesabu!" Aliikuza picha kwa vidole viwili. "Unaona? Ndiyo kitu nasema kila siku kwa wenzangu ofisini. Chakula ya nyumbani. Mama anapika, mtoto anakua. Huyu ni ushahidi."

"Ndiyo, madamu," Gaudiose alisema.

Tuseme ukweli. Dodo si ghali Kigali. Fungu moja ni bei ya mandazi mawili. Maharage nayo si ghali. Kilicho ghali ni moto, na mtu wa kukaa karibu na huo moto. Haragwe kavu linataka saa tatu za makaa, na Gaudiose alitoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, akarudi saa moja na nusu jioni. Jioni alisonga bugali wa muhogo, kwa sababu unga wa muhogo unaiva kwa dakika kumi na unajaza tumbo, akapika mchuzi wa nyanya na kibonge cha supu. Nusu walikula. Nusu aliifunika kwenye bakuli la plastiki, ndicho chakula cha Ihirwe cha kesho yake. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi minne, tangu alipopata kazi na kumwachisha mtoto kunyonya wiki hiyohiyo.

•

Jumatano jioni aliporudi, Illuminée alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani. Illuminée alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mpangaji wa chumba cha mlango wa pili, na ndiye aliyekuwa akishinda na Ihirwe mchana. Kama Gaudiose na mumewe, naye alikulia Bujumbura, na kwa hiyo katika ua ule wao watatu walizungumza Kiswahili, na wapangaji wengine waliwacheka kwa hilo.

"Mama Ihirwe, usiweke mfuko chini kwanza. Njoo uone."

Alichukua mguu wa mtoto, akaubana kwa kidole gumba juu ya kisigino, akahesabu kimyakimya, akaachia. Shimo lilibaki. Lilibaki pale kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na ngozi ilichukua muda mrefu kurudi.

"Na huu mwingine," Illuminée alisema. "Na angalia nywele. Vuta kidogo."

Gaudiose alivuta. Nywele zilitoka bila kung'ang'ania, laini na zenye rangi ya kutu. Ihirwe hakukunja hata uso.

"Tangu lini?"

"Miguu nimeiona leo. Lakini mimi macho yangu, binti yangu, unayajua." Mzee alishusha sauti. "Hii niliiona kambi ya wakimbizi nikiwa msichana, kabla hatujafika Bujumbura. Hii ni bwaki, ugonjwa wa kukosa lishe."

Neno hilo halisemwi hovyo. Mwenye deni husema ana deni, na mwenye kaswende hujificha lakini hutibiwa. Lakini mtoto wako akiambiwa ana bwaki, maana yake ni kwamba mtaa mzima umeangalia ndani ya sufuria yako. Gaudiose alitazama huku na huku uani kabla ya kujibu.

"Bwaki vipi? Amenenepa!"

"Bonyeza tena," Illuminée alisema.

Viateur, mume wa Gaudiose, aliingia wakati huo, suruali ina madoa ya rangi. Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Wiki nyingine alipata nyumba, wiki nyingine alizunguka tu. Alielezwa. Alichuchumaa, akabonyeza mguu mwenyewe, mara moja, mara mbili, na uso wake ukabadilika.

"Nani amempa kitu?"

"Baba Ihirwe..."

"Nauliza. Mtoto mzima, anasifiwa kanisani Jumapili, Jumatano anavimba miguu. Nani amempa kitu?" Alisimama, akamgeukia Illuminée. "Mukecuru, bibi, wewe ndiye unashinda naye."

Ilijulikana katika ua kwamba Viateur aliogopa sumu. Kaka yake alikufa Bujumbura siku mbili baada ya kunywa pombe kwa jirani, na ukoo wote ulikubaliana kuhusu sababu. Tangu Ihirwe aanze kula, Viateur aliweka sharti moja: mtoto asile chochote kilichopikwa na mtu mwingine, hata punje moja. Illuminée aliambiwa hivyo siku ya kwanza, na alikubali kwa sababu alihitaji kile kidogo alicholipwa.

Sasa mzee alimshusha mtoto kwenye mkeka, taratibu, akanyanyuka kwa kushika ukuta.

"Nimeshinda naye. Ndiyo. Unataka kujua amekula nini? Leteni bakuli lenu." Alilichukua mwenyewe, akalifunua mbele ya Viateur. Ndani kulikuwa na bugali uliokauka kingo na alama nyekundu ya mchuzi. "Hiki. Jana hiki. Juzi hiki. Mimi pale nje naweka maharage yangu motoni kila siku saa nne, na dodo nachuma kwenye debe langu, na saa saba nakula. Unajua nakula vipi, Viateur? Nakula nikiwa nimempa mtoto mgongo. Kwa sababu ananiangalia. Zamani alikuwa akitambaa mpaka kwenye sahani, namrudisha. Anatambaa, namrudisha. Mlinikataza, nimetii. Sasa hata kutambaa hatambai. Halafu unaniita mchawi?"

"Sijasema mchawi."

"Umesema nani amempa kitu. Wanaomlisha mtoto huyu ni wewe, mkeo na mimi."

Wapangaji wawili walikuwa wametoka nje, wanajifanya kuanua nguo. Viateur aliwaona.

"Bwaki ni ya watu wasiojitambua," alisema kwa sauti ya kuwafikia. "Mke wangu ni mpishi. Anapikia wakubwa Remera. Mtoto wa mpishi atapataje bwaki? Huyu amelishwa kitu."

Gaudiose alijua. Hapo ndipo hadithi hii inapouma. Kila mchana aliosha mikono ya mtoto wa watu na kumlisha kijiko kwa kijiko, na alijua kila kijiko kina kazi gani mwilini. Alijua, lakini alisimama mlangoni kwake na hakufungua mdomo, kwa sababu sumu ingekuwa kosa la mtu mwingine.

Illuminée alisubiri aseme neno. Alipoona halitoki, aliingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Kesho nampeleka kituo cha afya," Gaudiose alisema walipobaki ndani.

"Kesho si ulisema mabuja wako, huyo madamu, ana wageni?"

"Nitamwomba ruhusa."

"Na akikufukuza? Mimi wiki hii sina nyumba ya kupaka hata moja. Nenda kazini. Nitampeleka mimi."

"Kituo cha afya?"

"Nimesema nitampeleka."

Gaudiose aliona kwamba swali lake halikujibiwa. Aliamua kuona kwamba limejibiwa.

•

Alhamisi Trinah alikuwa na wageni kumi na wawili wa ofisini. Alitaka waone jinsi familia inavyoweza kula bila kwenda supamaketi hata mara moja. Kulikuwa na maharage mabichi, isombe ya majani ya muhogo, ndizi za kuchoma, boga, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa kukaangwa. Gaudiose alisubiri mpaka saa tatu asubuhi ndipo akasema.

"Madamu, mtoto wangu anaumwa."

"Yule mnene?"

"Yule."

"Ni meno. Wangu pia walikuwa hivyo." Trinah alikuwa anapanga glasi, akazihesabu upya. "Kesho chukua siku nzima, sikatai. Lakini leo, Gaudiose, tafadhali. Leo usinifanyie hivyo."

Alikuwa anaomba, hakuwa anaamuru, na hilo lilimfanya Gaudiose arudi jikoni. Alikatakata isombe. Alipiga simu kwa Viateur mara tatu, haikupokewa. Saa tano na robo Viateur alipiga mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Imetoka! Imetoka yote, Mama Ihirwe. Nimeiona kwa macho yangu, nyeusi kama lami."

"Nini imetoka? Uko wapi? Muganga wa kituo amesema nini?"

"Mzee amesema tungechelewa siku mbili..."

"Mzee gani?"

Sauti yake ilishuka. "Yule wa juu kilimani. Anayetapisha sumu."

Gaudiose aliweka kisu chini. "Mtoto yuko vipi sasa hivi?"

"Amelala."

"Mwamshe."

Alisikia Viateur akiita jina la mtoto, mara moja, mara mbili, mara tano. Alisikia akipiga makofi. Ihirwe hakuitika.

Alivua aproni. Trinah alikuja mbio kutoka sebuleni aliposikia mlango wa nyuma.

"Unaenda wapi? Gaudiose! Watu wanafika saa sita na nusu! Nani atageuza ndizi?"

"Madamu, mtoto wangu anakufa."

"Juzi alikuwa mzima kwenye picha!" Trinah alisema, na ilikuwa kweli kwamba hakuelewa. Halafu hofu ya wageni kumi na wawili ikamshinda. "Ukitoka sasa, usirudi. Nasema ukweli."

"Maharage yamebakiza dakika ishirini," Gaudiose alisema akiwa tayari getini. "Chumvi uweke mwisho, madamu. Ukiweka mapema hayaivi vizuri."

Mlinzi hakufungua mfuko wake. Alimsimamishia pikipiki.

•

Katika kituo cha afya, ambako Viateur alikuwa ameambiwa kwa simu amlete mtoto, kulikuwa na benchi refu lililojaa watu, lakini mwanamke wa mbele alipomwona Ihirwe alisogea bila kuambiwa. Mtoto alikuwa wa baridi. Midomo ilikuwa imekauka, macho yalikuwa nusu wazi, na kichwa kililala kwenye mkono wa mama yake kama kitu kilichowekwa hapo na mtu mwingine. Nesi aliitwa Joselyne, kijana, mwepesi wa mikono. Hakuwapeleka chumbani. Alimlaza mtoto kwenye meza palepale, mlango ukiwa wazi, akampima joto, akambonyeza mguu, akapaza sauti mtu alete maji ya sukari na blanketi.

"Ameanza lini?"

"Amelishwa sumu," Viateur alisema. "Imeshatoka, lakini amebaki dhaifu."

Joselyne hakumtazama. "Mama. Mtoto anakula nini?"

"Anakula kila kitu," Viateur alisema.

"Baba, nimemuuliza mama."

Benchi zima liligeuza shingo. Watu wanapokuwa hospitalini hawana kazi nyingine zaidi ya kusikiliza. Gaudiose alimwona yule mwanamke wa kanisani, wa tatu, yule aliyesema sasa umekuwa mama. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kadi yake ya bima ya mituweli mkononi. Macho yao yalikutana.

"Asubuhi, uji wa muhogo na sukari," Gaudiose alisema.

"Mchana?"

"Bugali wa muhogo. Wa jana yake. Na mchuzi wa nyanya."

"Jioni?"

"Bugali wa muhogo."

"Maharage?"

"Jumapili. Si kila Jumapili."

"Dodo? Sambaza? Maziwa, yai?"

"Hapana."

"Ananyonya?"

"Nilimwachisha nilipopata kazi. Miezi minne sasa."

"Kazi gani?"

Angeweza kusema kazi za ndani. Ingetosha, na isingekuwa uongo.

"Mimi ni mpishi," alisema.

Kalamu ya Joselyne ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Mtu kwenye benchi alifyonya. Mwanamke wa kanisani aliangalia kadi yake.

"Kuna jirani," Gaudiose aliendelea, ingawa hakuna aliyemuuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Alikuwa na maharage kila siku. Tulimkataza asimpe. Tuliogopa atamlisha sumu. Jana mume wangu alimsingizia, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Andika na hilo."

"Hilo halina mahali pa kuandikwa, mama." Joselyne alimnywesha mtoto maji kwa kijiko, tone kwa tone, akimkanda koo. "Sasa nambieni. Alipewa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana," Viateur alisema.

"Baba. Mimi si polisi. Nikijua alichokunywa, na kiasi gani, daktari atajua aanzie wapi. Nisipojua, anaweza kumpa kitu kikamuua. Alipewa nini?"

Viateur alitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mama anayenawa mikono.

"Hajapewa kitu."

Gaudiose hakumfokea. Alikuwa ameishiwa nguvu ya kufoka. "Baba Ihirwe, mimi yangu nimeshasema. Watu wote hawa wamesikia, kesho Gitega nzima itajua. Mimi nimekwisha. Sema yako."

Ihirwe alikohoa mara moja, sauti ndogo kama ya paka, na baba yake akageuka.

"Vikombe viwili," alisema. "Majani yaliyotwangwa, sijui ya nini. Harufu kali. Alisema asipotapika apewe cha tatu."

"Akapewa cha tatu?"

"Alitapika kabla." Alifuta uso kwa mkono wenye rangi. "Nilimshika mikono, nesi. Alikuwa hataki kunywa, nikamshika. Niliona kile cheusi nikafikiri ndiyo sumu."

"Ndiyo dawa yenyewe ilikuwa nyeusi," Joselyne alisema. Aliandika, akararua karatasi, akamwita dereva wa ambulansi. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana na alikuwa amechoka, alisema kitu ambacho nesi mzee angekimeza: "Hapa hakuna sumu. Kabla ya hivyo vikombe, huyu mtoto hakupewa kitu kibaya. Hakupewa kitu."

•

Katika wodi ya hospitali kulikuwa na vitanda tisa na akina mama kumi na mmoja. Kila baada ya saa tatu nesi alileta maziwa maalumu kwenye kikombe cha plastiki, na Gaudiose alimnywesha Ihirwe, kidogo kidogo, kwa sababu mwili uliokaa na njaa hivyo ukipewa kingi kwa pamoja moyo unasimama. Siku ya kwanza na ya pili ilibidi apitishiwe mrija puani. Kitanda cha jirani kilikuwa na mtoto wa kiume wa umri uleule. Siku ya tatu asubuhi kitanda hicho kilikuwa kimetandikwa upya, na hakuna aliyeuliza.

Trinah alituma kwa simu mshahara wa siku ambazo Gaudiose alikuwa hajalipwa, na ujumbe: *Pole sana. Nimepata mwingine. Mtoto apone.* Gaudiose aliusoma mara mbili akitafuta hasira, hakuipata. Alijibu: *Asante madamu.*

Siku ya tano daktari alimweka Ihirwe kwenye mizani, akasoma, akatabasamu.

"Amepungua. Kilo moja na nusu. Vizuri sana."

"Vizuri?" Gaudiose aliuliza.

"Ni maji yanatoka, mama. Alikuwa amejaa maji. Bado sisemi amepona. Wiki hii ikipita, tutaongea."

Gaudiose alimfungua mtoto kanga na kumwangalia kwenye mwanga wa dirisha. Miguu ilikuwa imerudi kuwa miguu. Lakini ilikuwa miembamba kama vijiti vya kuchanganyia chai, na ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kwa mikunjo kama nguo kubwa ya mtu mwingine. Mbavu zilionekana zote. Mabega yalikuwa ya ndege. Alikuwa amembeba mtoto huyu kila Jumapili, mgongoni, akisifiwa, na hakuwahi kumwona.

Mchana Viateur alifika. Siku nyingine aliishia mlangoni, akatuma vitu kwa nesi. Leo aliingia mpaka katikati ya wodi, kofia mkononi.

"Nilienda kwa mukecuru," alisema bila salamu. "Kumwomba msamaha. Na nikamwomba, mtoto akirudi, awe anampikia yeye. Maharage, kila kitu."

"Akasema nini?"

"Hakunijibu. Alichota maharage na dodo, sahani imejaa, akaiweka nje, uani, kwenye kiti. Akasema, mwenye kuogopa sumu aonje kwanza." Aligeuza kofia mkononi. "Watu wote wakatoka. Wote. Hata wa chumba cha mwisho ambaye hatoki. Nikala nimesimama."

"Ukamaliza?"

"Alikuwa ananiangalia. Nilimaliza. Nikaosha sahani. Akasema: kesho uje tena. Atanilisha hivyo wiki nzima, Mama Ihirwe, watu wakiangalia. Ndipo atakubali."

"Basi utakula wiki nzima."

"Nitakula."

Alisogea kitandani. Gaudiose alikuwa hajamfunika mtoto bado. Viateur aliinama, akaona mbavu, akaona ile ngozi, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Alitazama kitanda cha kulia, akatazama cha kushoto.

"Ihirwe yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Huyu? Wamemfanya nini? Yule wetu alikuwa..." Alionyesha kwa mikono, mashavu, mduara hewani. "Yule aliyekuwa na mashavu."

"Yule alikuwa maji," Gaudiose alisema. "Nawa mikono. Saa yake ya maziwa imefika, na leo utamnywesha wewe."

Aliondoka kwenye kiti ili akae. Viateur alinawa kwenye beseni, akakaa, akampokea mtoto kwa hofu, jinsi mtu anavyopokea mtoto wa siku moja. Ihirwe alimkumbuka. Alipoona kikombe kwenye mkono wa baba yake alifumba mdomo, akageuzia uso ukutani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akalia, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na hazikuwa nyingi.

"Hataki," Viateur alisema. "Mchukue. Kwangu hatakunywa."

"Mimi nitakuwa natafuta kazi. Mzoeshe."

Viateur alikitazama kikombe. Kisha alikipeleka mdomoni mwake mwenyewe, akanywa tone moja mbele ya mtoto, akaonyesha ulimi wake, akasubiri. Ihirwe aliendelea kulia. Alionja tena. Akasubiri tena.